Kanuni za Rufaa Zikifunguliwa kwa Maoni, Usikae Kimya

Kila chombo kinachosikiliza rufaa za sekta ya nishati hufika mahali kikalazimika kuandika upya kanuni zake za mwenendo. Rasimu hutolewa, wadau huombwa maoni, tarehe ya mwisho hutajwa, na wanaojibu kwa kawaida ni kampuni kubwa mbili tatu zenye idara zao za sheria. Wazalishaji wadogo wa umeme, wenye viwanda, vyama vya watumiaji na wahandisi washauri huiacha rasimu ipite. Wana sababu yao. Rasimu ya namna hii haitaji bei ya uniti wala haizungumzii nguzo na transfoma. Inataja siku za kuwasilisha nyaraka, nani apewe nakala, mashahidi waandike nini na gharama zibebwe na nani.

Namwomba msomaji ambaye riziki yake inagusana na umeme au gesi asiiache ipite. Siku utakapokuwa na shauri, kanuni zitakuwa zimeshakufunga. Mdhibiti ataamua jambo linalokugharimu mamilioni, utakuwa na hoja nzito mkononi, na hoja hiyo itazikwa bila kusikilizwa kwa sababu wewe ulihesabu siku tangu barua ilipokufikia ilhali kanuni zilihesabu tangu uamuzi ulipochapishwa. Hesabu hiyo hurekebishwa rasimu ikiwa bado mezani. Baada ya hapo utabaki kuomba huruma.

Nitatumia zaidi mfano wa Uingereza, kwa kuwa huko rufaa dhidi ya mabadiliko ya miongozo ya sekta ya nishati zimetengewa utaratibu wa peke yake, na utaratibu huo unaonyesha wazi jinsi kanuni zinavyochakaa. Umeme na gesi huko haviendeshwi kwa sheria za Bunge na leseni tu. Chini ya leseni ipo miongozo, vitabu vinene vya masharti ambavyo wenye leseni hufungwa navyo. Mmoja, unaojulikana kwa kifupi kama BSC, unasema jinsi wanaozalisha na wanaouza umeme wanavyosawazisha hesabu zao. Mwingine, CUSC, unasema nani anaunganishwa kwenye njia kuu za kusafirisha umeme na analipa tozo gani. UNC unahusu gesi inavyoingia na kutoka kwenye mabomba. Aya moja ikibadilishwa humo, fedha huhama kutoka kampuni moja kwenda nyingine, na mwishowe mabadiliko hayo huonekana kwenye bili ya mwenye nyumba.

Kwa muda mrefu badiliko lilipita njia moja. Mdau alilipendekeza, jopo la mwongozo husika likalijadili na kulipigia kura, kisha Ofgem, ambaye ndiye mdhibiti, akalikubali au akalikataa. Sheria ya Nishati ya mwaka 2004 ikaruhusu rufaa dhidi ya uamuzi huo wa mwisho. Ilisema kwamba anayeweza kukata rufaa ni mtu ambaye maslahi yake yameguswa kwa kiasi kikubwa, au chama kinachowawakilisha watu wa namna hiyo. Ilimpa siku 15 za kazi tangu uamuzi kuchapishwa aombe kibali. Kibali nacho hakiwezi kunyimwa kwa matakwa tu: ombi likataliwe kwa kuwa ni la kipuuzi au la usumbufu, au kwa kuwa halina matumaini ya maana ya kushinda. Amri iliyotolewa mwaka 2005 ilitaja miongozo inayohusika, na pia ikaondoa kwenye rufaa maamuzi ambayo mdhibiti amekubaliana na pendekezo la jopo. Kimsingi, basi, rufaa ilikuwepo pale mdhibiti alipokwenda kinyume na wengi wa jopo.

Kazi ya kusikiliza ilipewa Competition Commission, tume ya ushindani ya huko, nayo ikatunga kanuni zake za mwenendo mwaka huohuo wa 2005. Shauri la kwanza lilikuja mwaka 2007, kampuni ya E.ON ilipopinga uamuzi kuhusu utaratibu wa kutoa gesi kwenye mabomba makuu. E.ON ilishinda na uamuzi wa mdhibiti ukatenguliwa. Miaka kumi baadaye kampuni za EDF na SSE zilikwenda kupinga kukataliwa kwa pendekezo lililohusu tozo wanazolipa wazalishaji wa umeme, na Februari 2018 rufaa yao ikatupwa. Mashauri ya aina hii ni machache mno, na uchache huo una madhara yake. Kanuni zinazotumika kila wiki hurekebishwa kwa mazoea, lakini zinazotumika mara moja kwa miaka mingi hubaki na kasoro zake hadi siku mtu anapozitegemea.

Wakati huohuo mazingira yote yaligeuka. Competition Commission haipo tena, kwani tangu Aprili 2014 kazi zake zimo mikononi mwa CMA, mamlaka ya ushindani na masoko. Shauri la 2018 lilisimama juu ya ukomo wa tozo uliowekwa na Umoja wa Ulaya, na Uingereza imeshatoka humo. Kubwa kuliko yote, Sheria ya Nishati ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kuondoa mfumo wa majopo na kuleta wasimamizi wa miongozo wenye leseni, huku Ofgem akipewa nguvu zaidi za kuielekeza na kuibadilisha miongozo yenyewe. Hapa ndipo mtu makini anapotakiwa kusimama. Ikiwa haki ya rufaa ilipimwa kwa kuangalia kama mdhibiti ametofautiana na jopo, je, jopo likiondoka kipimo kitakuwa nini? Swali hilo linaamua nani ana haki ya kusikilizwa na nani hana, na ni rahisi kulipita ukidhani marekebisho ni ya kubadilisha majina ya taasisi tu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla hujaifungua rasimu, fungua sheria mama. Chora mstari kati ya yale ambayo Bunge limeyafunga na yale ambayo chombo cha rufaa kinaweza kuyapanga chenyewe. Zile siku 15 za kazi zimo ndani ya sheria. CMA haiwezi kuzifanya 25 kwa kanuni, hata wadau wote wakililia. Ukiandika maoni ya kurasa nne ukiomba muda uongezwe, umepoteza kurasa nne na umemwonyesha msomaji wako kwamba hukuisoma sheria. Lakini ni kitu gani kiambatane na ombi ndani ya siku hizo, kwa namna gani, kabla ya saa ngapi, na kasoro ndogo irekebishwe vipi, hayo kanuni zinaweza kuyagusa. Nguvu zako zipeleke huko.

Mstari huo uchore popote ulipo. Nchini Kenya, Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 inampa aliyeumizwa na uamuzi wa EPRA, mdhibiti wa nishati wa huko, siku 30 za kwenda kwenye Energy and Petroleum Tribunal. Siku hizo ni za sheria, hazichezewi kwa kanuni. Nchini Tanzania anayepinga uamuzi wa EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, huenda Baraza la Ushindani, lililoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Baraza hilo husikiliza pia rufaa kutoka Tume ya Ushindani na kutoka kwa wadhibiti wa mawasiliano, usafiri wa nchi kavu na usafiri wa anga. Kwa hiyo kanuni zake haziwezi kuandikwa kwa kufikiria umeme peke yake. Mtu wa nishati anayesoma rasimu ya Baraza hilo atafute mahali ambapo kanuni iliyotungwa kwa mgogoro wa bidhaa bandia au wa kuungana kwa kampuni inakaa vibaya juu ya shauri la bei ya umeme, ambalo kila mwezi unaopita ni bili nyingine zilizokwisha kulipwa.

Sasa tuingie kwenye siku, maana hapa ndipo rufaa nyingi huponea au hufia. Usitosheke kuona idadi. Uliza siku inaanza kuhesabiwa lini: uamuzi ulipotiwa saini, ulipochapishwa, au ulipokufikia? Kwa kampuni kubwa yenye mtu wa kufuatilia matangazo ya mdhibiti kila asubuhi, tofauti ni ndogo. Kwa mwenye mradi wa umeme wa jua kijijini, uamuzi unaweza kuchapishwa leo akausikia wiki ijayo. Uliza kama siku ni za kazi au za kalenda, na kama Jumamosi na sikukuu zimesemwa. Uliza siku ya mwisho inakwisha saa kumi jioni ofisi inapofungwa au usiku wa manane. Nyaraka zikitumwa kwa baruapepe saa kumi na mbili jioni, zimefika siku hiyo au kesho yake? Na mfumo wa kuwasilisha kwa mtandao ukigoma siku ya mwisho, nani anabeba hasara? Rasimu ikinyamaza juu ya swali lolote kati ya haya, andika kwamba imenyamaza na pendekeza jibu. Anayeandika rasimu mara nyingi hakukusudia kuacha pengo. Hajawahi tu kusimama upande wako wa kaunta.

Kipo pia kipimo cha kalenda ambacho nakipendekeza kwa kila mtu. Chukua karatasi, weka tarehe ya kubuni ya uamuzi, kisha jaza kila hatua kama rasimu inavyotaka: kusoma uamuzi, kuitisha bodi ya kampuni, kupata wakili, kupata mhandisi au mchumi wa kuandika maelezo, kuandika sababu za rufaa, kuwasilisha. Weka na sikukuu ndani yake, tuseme uamuzi umetoka siku tano kabla ya Krismasi au katikati ya kumi la mwisho la Ramadhani. Utaona mwenyewe hatua gani haiwezekani. Jedwali hilo liambatanishe kwenye maoni yako. Mwandishi wa kanuni hawezi kubishana na jedwali kama anavyobishana na malalamiko.

Methali ya kawia ufike haina nafasi katika rufaa za nishati. Muda ni mfupi kwa sababu ya maana: soko haliwezi kukaa miezi bila kujua tozo gani inatumika. Shauri la EDF na SSE lilianza Desemba 2017 na kufikia Februari lilikuwa limeamuliwa, sikukuu za mwisho wa mwaka zikiwemo humo. Kwa hiyo usiombe uzembe wa muda uingizwe kwenye kanuni. Omba haki ndani ya muda mfupi, yaani maandalizi yaruhusiwe kuanza mapema na kila upande ubanwe kwa kiasi kilekile. Rasimu ikimbana mrufani kwa siku na kumwachia mdhibiti ajibu "ndani ya muda unaofaa", hapo pana jambo la kusema kwa sauti.

Baada ya siku, angalia mzigo wa nyaraka. Kanuni nyingi hutaka mrufani aweke kila kitu mezani tangu mwanzo: sababu za rufaa, ushahidi, maelezo ya mashahidi, nyaraka zote anazozitegemea. Naukubali msingi huo. Rufaa inayoamuliwa kwa wiki chache haiwezi kumsubiri mtu anayetoa hoja zake moja moja. Ila mzigo huo una bei, na bei yake humwelemea zaidi asiye na wataalamu wa kudumu. Rasimu inaweza kumpunguzia bila kuchelewesha shauri. Inaweza kuruhusu notisi ielekeze kwenye nyaraka ambazo mdhibiti tayari anazo bila kuziambatanisha upya. Inaweza kuruhusu nakala za kielektroniki peke yake. Inaweza kuweka ukomo wa kurasa unaozibana pande zote, kwa sababu mwenye fedha ndiye anayeweza kuandika kurasa mia tatu, na mdogo ndiye anayeshindwa kuzijibu.

Hapo hapo soma vizuri kanuni ya ushahidi mpya. Rufaa ya namna hii si kesi inayoanza upya. Sheria ya Uingereza imetaja makosa yanayoweza kuuangusha uamuzi: mdhibiti hakuzingatia jambo alilopaswa kulizingatia au kulitimiza, hakulipa uzito unaostahili, alikosea ukweli, au alikosea sheria. Makosa hayo hupimwa kwa kutazama yaliyokuwa mbele ya mdhibiti alipoamua. Kwa hiyo ushahidi ulioukalia kimya wakati wa maoni ya awali unaweza kukataliwa kwenye rufaa hata ukiwa wa kweli. Katika rasimu, tafuta nani ana wajibu wa kuonyesha kwamba ushahidi haukuweza kupatikana mapema, na kama mdhibiti naye anazuiwa kuleta sababu mpya ambazo hazimo katika uamuzi wake. Kanuni inayomfunga mrufani na kumwachia mdhibiti ajipambe upya mbele ya wasikilizaji ina upande. Iseme.

Kuhusu nani anaingia kwenye shauri, nina msimamo ambao huenda baadhi ya mawakili wasiupende. Wadau wanaoguswa waruhusiwe kutoa maelezo mafupi kwa maandishi bila kulazimika kuwa sehemu kamili ya kesi. Katika sekta hii ushindi wa mmoja huwa mzigo wa mwingine: tozo ikiondolewa kwa wazalishaji itabebwa na wauzaji, na wauzaji wataipeleka kwa wateja. Shauri likisikilizwa kati ya kampuni moja na mdhibiti tu, anayelipa hayumo chumbani. Tanzania kuna EWURA CCC, baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za nishati na maji, na tumezoea mikutano ya taftishi ambapo mwananchi husimama akasema maombi ya bei mpya yatamfanya nini. Sauti iliyosikika kwenye taftishi isipotee shauri linapopanda ngazi ya rufaa. Ukiwa kiongozi wa chama cha watumiaji au cha wazalishaji wadogo, angalia kama rasimu inakitambua chama chako moja kwa moja, inakupa taarifa kwamba rufaa imefunguliwa, na inakupa siku ngapi za kusema neno.

Kusimamisha utekelezaji ni jambo la kusoma kwa utulivu. Rufaa inapokatwa, uamuzi wa mdhibiti unaendelea kutumika au unasubiri? Huko Uingereza chombo cha rufaa kinaweza kuagiza usubiri, lakini huangalia gharama zitakazompata mrufani na hupima upande upi utaumia zaidi. Kwa mzalishaji mdogo swali hili linaweza kuwa zito kuliko rufaa yenyewe, kwani ushindi unaokuja mradi ukiwa umeshafungwa haumsaidii. Kwenye rasimu tafuta kama ombi la kusimamisha lina fomu yake, muda wake, na siku ya uhakika ya kutolewa uamuzi. Ombi lisilo na siku ya kuamuliwa halimlindi mtu.

Gharama zinawatisha wengi kuliko wanavyokiri. Huko Uingereza, tofauti na kesi nyingi za kawaida, gharama za chombo chenyewe cha kusikiliza zinaweza kubebeshwa wahusika, mbali na za mawakili wa upande wa pili. Nimewahi kuona chama cha watumiaji kikiacha shauri zuri kwa sababu hakuna aliyeweza kukiambia, hata kwa makadirio, kikishindwa kitalipa kiasi gani. Sidhani kuna namna ya kulifanya shauri la kitaalamu liwe la bure, wala siombi hivyo. Ninachoomba, na ninachokusihi ukiombe, ni kujua mapema. Kanuni ziseme ni vipengele gani vya gharama vinaweza kudaiwa. Ziseme kama anayejiunga kutoa maelezo tu anaweza kubebeshwa gharama, na jibu sahihi kwa maoni yangu ni hapana, isipokuwa ameleta usumbufu wa makusudi. Ziseme aliyeshinda hoja moja kati ya tatu anahesabiwaje. Na ziruhusu mhusika aombe, mwanzoni kabisa mwa shauri, ukomo wa gharama zinazoweza kumwangukia. Mtu akijua ukomo anaweza kuitisha mkutano wa wanachama na kuamua. Asipoujua, hukaa kimya, na uamuzi mbovu hubaki.

Siri za biashara sitazikalia sana. Hakikisha tu rasimu inamtaka anayedai siri aeleze sababu kwa kila sehemu anayoificha, na atoe nakala ya wazi siku hiyohiyo.

Kipengele cha mpito, kinachowekwa mwishoni kabisa ambako wasomaji wengi hawafiki, nakiomba ukisome kwanza. Kanuni mpya zinaanza lini, na zinagusa mashauri gani? Uamuzi uliotolewa kabla ya kanuni mpya lakini rufaa ikawasilishwa baada yake unafuata kanuni zipi? Tukirudi kwenye mfano wetu, mapendekezo ya kubadilisha miongozo huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Pendekezo linaweza kuanzia chini ya jopo na kumalizikia mikononi mwa msimamizi mpya. Bila kipengele cha mpito kilicho wazi, wiki za kwanza za shauri zitaliwa na mabishano ya kanuni zipi zitumike, na katika shauri la wiki chache huo ni muda mwingi. Pendekeza tarehe moja ya kuhesabia, na tarehe iliyo rahisi kuthibitishwa na kila mtu ni ya kuchapishwa kwa uamuzi.

Sasa namna ya kuandika maoni yenyewe. Maoni ninayoyaona mara nyingi huwa hivi: "Muda uliotolewa ni mfupi na unawaumiza wadogo, tunaomba uangaliwe upya." Ni ya kweli, ila hayamsaidii anayeandika kanuni, kwa sababu hajui abadilishe neno gani. Linganisha na haya, niliyoyabuni kama mfano: "Kanuni ya 8 inataka maelezo ya mashahidi wataalamu yawasilishwe pamoja na notisi. Muda wa notisi umewekwa na sheria na hauwezi kuongezwa. Tunapendekeza kanuni isomeke: mrufani atawasilisha notisi na sababu za rufaa ndani ya muda wa kisheria, maelezo ya shahidi mtaalamu yanaweza kuwasilishwa ndani ya siku tano za kazi baada ya hapo, iwapo notisi imemtaja shahidi huyo na jambo atakalolieleza. Mdhibiti atakuwa ameshazijua hoja zote tangu siku ya kwanza, na ratiba ya usikilizwaji haitaguswa." Maoni hayo yanaonyesha kwamba sheria imesomwa, yanataja kanuni kwa namba, yanaleta maneno yaliyo tayari kutumika, na yanajibu pingamizi kabla halijatolewa. Kurasa mbili za namna hiyo zina uzito kuliko ishirini za kulalamika.

Mkiwa wengi wenye hoja moja, msitume barua ishirini zinazofanana neno kwa neno. Tumeni moja yenye majina yote, kisha kila mmoja aongeze aya yake inayoeleza jinsi kanuni fulani itakavyomgusa: huyu ana mtambo wa maji wa kilowati mia chache, yule ana kiwanda cha barafu, mwingine anauza mitungi ya gesi. Usiogope pia kuunga mkono kilicho kizuri. Kanuni nzuri isiyotetewa na mtu huweza kuondolewa kwa shinikizo la yule asiyeipenda, na mtungaji akakosa barua hata moja ya kuisimamia.

Uingereza yenyewe inatoa mfano wa jinsi uzoefu unavyozaa kanuni bora. Kwenye utaratibu wa jirani, wa rufaa dhidi ya mabadiliko ya masharti ya leseni, kampuni kadhaa za mitandao ya gesi na umeme zilikata rufaa kwa pamoja mwaka 2021 kupinga maamuzi ya Ofgem juu ya mapato yao. CMA ilitoa hukumu Oktoba mwaka huo, na mwaka uliofuata ikazirekebisha kanuni zake za rufaa hizo. Waliopita kwenye shauri walikuwa na la kusema kwa sababu walikuwa bado wanakumbuka kilichowakwamisha. Kwa hiyo ukimaliza rufaa yoyote, umeshinda au umeshindwa, andika mara moja ukurasa mmoja: hatua gani ilikula muda bure, kanuni gani haikueleweka, nyaraka gani ilidaiwa mara mbili. Uweke kwenye faili. Rasimu itakapofunguliwa miaka mitatu baadaye, ukurasa huo utakuwa na thamani kuliko kumbukumbu yako.

Rasimu ikishapita, fuatilia. Nchini Kenya, Sheria ya Statutory Instruments ya mwaka 2013 inadai kanuni zijadiliwe na wanaoguswa na kisha zifikishwe Bungeni, kwa hiyo una nafasi ya pili ya kusema ikiwa ya kwanza ilipuuzwa. Nchini Tanzania kanuni huanza kutumika kwa Tangazo la Serikali, na namba ya tangazo hilo ndiyo utakayoihitaji kila utakapozinukuu. Linganisha toleo la mwisho na rasimu aya kwa aya. Mara nyingine badiliko zito huingia baada ya maoni kufungwa, na ni wachache wanaoligundua. Pale ambapo hoja yako imekataliwa, omba sababu kwa maandishi, kwa heshima na kwa kutaja namba ya kanuni.

Kisha itengenezee ofisi yako utaratibu unaolingana na kanuni mpya siku zilezile zinapoanza. Mtu mmoja apewe jukumu la kusoma matangazo ya mdhibiti kila siku ya kazi, na mwingine awe mbadala wake anapokuwa likizo. Bodi ipitishe azimio la kumruhusu mkurugenzi kuomba kibali cha rufaa bila kusubiri kikao cha robo mwaka. Majina ya wakili na wataalamu wawili mliokwisha kukubaliana nao bei yawe kwenye faili. Na kila mdhibiti anapokusanya maoni juu ya badiliko linalowagusa, wasilisheni ushahidi wenu wote wakati huo, hata mkiwa na hakika kwamba atakubaliana nanyi, mpewe na muhuri wa kupokelewa.